Mbwa wa mlangoni ameacha kubweka? Msimfukuze kazi bado

Kila mwaka, mwezi wa sita ukifika na baridi ya Lubumbashi ikaanza kuuma, simu zinazotufikia sisi tunaohudumia mbwa wazee zinafanana. "Papa, mnajua anayeuza mbwa? Huyu wetu amezeeka. Watu wanaingia kwenye parseli (kiwanja cha nyumba), yeye amelala tu." Wanaouza mbwa tunawajua, na wakati mwingine tunamwelekeza mteja huko. Lakini kwanza tunauliza: huyu wa zamani nani amemwangalia? Mara nyingi hakuna aliyemwangalia, kwa sababu nyumba nzima imeshakubaliana kwamba huo ni uzee na uzee hauna dawa.

Sisi hatukubali haraka hivyo. Miaka peke yake haimlazi mbwa chini. Kinachomlaza ni viungo vinavyouma, masikio yaliyoziba, damu iliyopungua, jino lililooza, figo zinazochoka. Baadhi ya hayo yanatibika kabisa, mengine yanapunguzwa makali, na machache tu ndiyo hayana la kufanya. Bila kumpima huwezi kujua mbwa wako yuko kwenye kundi gani.

Kuhusu umri wenyewe, ile hesabu ya kuzidisha kwa saba iacheni. Mbwa mkubwa kama berger (mbwa mchungaji wa Kijerumani) anaanza kuwa mzee akiwa na miaka saba hivi, wakati mbwa mdogo wa kienyeji anaweza kufika kumi na bado anaruka ukuta wa jirani. Na kama mbwa wenu alitoka kijijini na hajawahi kubweka hata alipokuwa kijana, huenda hana ugonjwa wowote: mbwa wa asili wa misitu ya Kongo, ambao Wazungu waliwapeleka kwao wakawaita basenji, hawabweki kama wengine. Wanatoa sauti ya ajabu, kama mtu anayejaribu kuimba. Huyo msimlaumu.

Tuanze na viungo, kwa sababu ndivyo vinavyotuletea kazi nyingi zaidi. Mji wetu uko juu, kama mita 1,200, na usiku wa mwezi wa sita na wa saba joto linashuka chini ya digrii 10. Mbwa wengi wa hapa wanalala kwenye simenti ya baraza, au chini ya gari. Mwangalieni asubuhi anapoinuka. Mbwa mzima anainuka mara moja, anajinyoosha, anaenda. Mwenye viungo vibovu anainua kwanza sehemu ya mbele, anasimama kidogo, ndipo anavuta miguu ya nyuma. Baada ya kutembea dakika kumi anaonekana amepona, na mwenye nyumba anasema ni uvivu wa asubuhi. Siyo uvivu. Dalili nyingine ni kulamba goti au kiwiko mahali palepale kila siku, kukataa ngazi alizokuwa akizipanda, na kumng'akia mtoto anayemgusa kiunoni ingawa wamekua pamoja.

Berger wana tatizo lao la nyonga, linaloanza wakiwa wadogo na kuonekana wazi wanapozeeka. Wana pia ugonjwa mwingine wa uti wa mgongo, ambao miguu ya nyuma inalegea polepole, inapishana, mbwa anaburuta vidole mpaka makucha yanalika upande wa juu. Huo wa pili hauna maumivu, kwa hiyo dawa ya maumivu haisaidii kitu. Kinachomsaidia ni mazoezi, sakafu isiyoteleza na uangalizi. Mtu akikuuzia vidonge bila kumwona mbwa akitembea, amekuuzia bahati nasibu.

Kwa viungo vinavyouma, mambo ya bei ndogo yanafika mbali kuliko watu wanavyodhani. Chukua palette ya mbao, weka juu yake kipande cha godoro la sponji kilichofungwa ndani ya gunia, iweke mahali upepo haupiti. Kama ndani mna karo (vigae vya sakafu), tandika mikeka pale anapopita, maana mbwa anayeteleza anakakamaa, na kukakamaa kunamuumiza zaidi. Mkateni makucha. Mtembezeni mara mbili kwa siku, mwendo mfupi, badala ya mara moja Jumapili mpaka anachechemea. Na mnyororo utoeni. Mbwa anayefungwa mchana kutwa anapoteza nyama za mapaja, na mapaja ndiyo yaliyokuwa yanabeba ile nyonga mbovu. Kama ni mnene, apungue; mkono wako unapaswa kuzigusa mbavu zake bila kutafuta.

Halafu kuna dawa, na hapa tunaomba msome polepole. Ibuprofen, diclofenac na paracetamol za watu si za mbwa. Tunajua zinapatikana kila kona na tunajua zinampa baba mgongo mzuri jioni. Mbwa mwili wake hauzivumilii. Ibuprofen na diclofenac zinatoboa tumbo lake na kuua figo. Utaona anatapika, kinyesi kinakuwa cheusi kama lami, halafu anaacha kukojoa. Paracetamol inaharibu ini na damu. Kinachotuumiza zaidi ni kwamba siku ya kwanza mbwa anaonekana amepata nafuu, kwa hiyo anaongezewa kidonge kingine. Zipo dawa za maumivu zilizotengenezwa kwa ajili ya mbwa, zinatolewa kwa kilo zake, na kwa mbwa mzee tunapenda kupima figo na ini kwanza. Kama mmeshampa kidonge cha watu, tuambieni. Hatutawagombeza, tunataka tu kujua ni kipi na saa ngapi.

Sasa yule ambaye haamki mgeni akipita. Simama nyuma yake, asikuone, piga makofi. Kama hata sikio halitikisiki, inawezekana hasikii. Wakati mwingine ni uchafu na maambukizi ndani ya sikio, yanasafishwa na kutibiwa. Wakati mwingine kusikia kumekwisha kwa miaka, basi. Mbwa kiziwi anaishi vizuri, anasoma ishara za mikono kuliko tunavyofikiri, lakini msimwamshe kwa kumshika. Kanyaga sakafu kwa nguvu karibu naye, atausikia mtikisiko. Na mwambieni dereva, mwambieni sentinele, yaani mlinzi: gari lisirudi nyuma kabla mtu hajajua mbwa yuko wapi. Kwenye parseli zetu mbwa mzee analala kivulini, na kivuli ni cha gari.

Macho yanayogeuka kuwa na rangi ya bluu ya ukungu ni kawaida ya uzee, na mbwa huyo bado anaona. Jeupe kama maziwa ni jambo lingine, hilo linazuia mwanga. Jicho jekundu linalouma halingoji kesho.

Kuna ugonjwa mmoja unaojificha nyuma ya uzee kuliko yote hapa kwetu: homa za kupe. Mvua zikianza, kuanzia mwezi wa kumi na moja, kupe wanajaa kwenye majani, na mbwa wa zamani ana miaka mingi ya kuumwa nao. Anakonda, anachoka, halali mlangoni tena. Inua mdomo wake uangalie fizi. Zinapaswa kuwa na rangi ya waridi. Zikiwa nyeupe, damu imepungua, na hiyo ni safari ya kwa veterineri (daktari wa wanyama) leo. Mkojo ukiwa wa rangi ya kahawa, nendeni sasa hivi. Tumeona mbwa waliokuwa wameandaliwa mrithi wakarudi kubweka baada ya matibabu ya wiki chache. Si wote, lakini wa kutosha kutufanya tuandike makala hii.

Meno tutayapitia upesi: mdomo unaonuka si kawaida ya mbwa mzee, ni usaha na jino linalouma. Mbwa hasemi. Anaanza tu kutafuna upande mmoja, au kumeza bila kutafuna.

Chakula ndiyo mada inayotuletea ubishi. Wateja wengi wanampikia mbwa bukari, yaani ugali, na bukari yenyewe si tatizo. Tatizo ni unga gani. Unga uliopata unyevu, ulioota ukungu, ule ambao mama amesema "huu haufai kwa watoto, mpikieni mbwa", una sumu ya ukungu inayoitwa aflatoksini. Kuupika hakuiondoi. Mbwa anaathirika nayo kwa urahisi sana: ini linakufa, macho na fizi vinageuka njano, tumbo linajaa maji. Kama haufai kwa watoto, haufai kwa mbwa, utupeni shimoni. Bukari peke yake pia haimtoshi mzee, kwa sababu anahitaji protini nzuri ili nyama za mwili zisiishe. Changanyeni na ndakala (dagaa), yai, au nyama isiyo na mafuta mengi. Makayabo, samaki wa chumvi, hapana, chumvi yake ni nyingi mno. Mchuzi wenye vitunguu hapana, vitunguu vinaharibu damu ya mbwa. Mifupa ya kuku iliyopikwa inapasuka kama miiba. Mwenye figo mbovu ana chakula chake, tutawaelekeza baada ya kipimo.

Maji, kinyume na chakula, hayapunguzwi kamwe. Lakini yapimeni. Jaza bakuli kwa chupa ya lita moja, hesabu chupa za siku nzima. Mbwa anayepita mililita 100 kwa kila kilo yake kwa siku anakunywa kupita kiasi. Kwa mbwa wa kilo 30 hiyo ni zaidi ya lita tatu. Inaweza kuwa figo, inaweza kuwa kisukari. Kama ni jike ambaye hajafungwa kizazi, na wiki chache zilizopita alikuwa akitafuta dume, inaweza kuwa usaha ndani ya tumbo la uzazi. Huyo msimpe dawa ya minyoo mkasubiri. Anahitaji upasuaji haraka, na usaha unaweza usitoke nje kabisa mpaka anaanguka.

Mbwa mzee anayezunguka usiku, anayesimama mbele ya ukuta kama amesahau alikotaka kwenda, anayekojoa ndani wakati hakuwa na tabia hiyo, akili yake inaweza kuwa imechoka. Hayo yanakuja polepole, kwa miezi. Mbwa aliyebadilika ghafla kwa siku mbili tatu, anatoa mate, hawezi kumeza, anauma ovyo au anapooza taya, msimguse. Fikirieni kichaa cha mbwa, mfungieni mahali bila kumshika, mwiteni veterineri. Aliyeumwa aoshe kidonda kwa maji na sabuni dakika 15 na aende hospitali siku hiyohiyo. Kwa sababu hiyo chanjo haiishi mbwa anapostaafu. Mzee naye anachanjwa.

Mkiamua kuleta mbwa kijana, leteni, hatukatazi. Lakini kila mmoja na bakuli lake, mbali na mwenzake, na yule mzee awe wa kwanza kulishwa mbele ya macho yenu, maana kijana atamnyang'anya bila aibu. Msimhamishie mzee nyuma ya jiko la makaa akaishie huko peke yake. Mji huu una wazee waliochimba na kuyeyusha shaba miaka thelathini wakarudishwa nyumbani mikono mitupu. Hatuhitaji kuelezwa hiyo inafananaje.

Na kuna wakati ambapo hakuna tena la kutibu. Tunaulizwa: tutajuaje? Tunashauri kuweka alama kwenye kalenda, siku nzuri na siku mbaya, kwa kuangalia kama amekula mwenyewe, ameinuka mwenyewe, amefurahi mtu wake akirudi. Siku mbaya zikizidi, tuiteni tuzungumze. Veterineri ana sindano ya kumlaza usingizi kwanza, kisha moyo unasimama bila maumivu, na ninyi mnaweza kukaa naye. Sumu ya panya hatutoi, hatushauri, na tukisikia imetumika hatutanyamaza. Kumpeleka na gari kumwacha njia ya Kipushi, nje ya mji, ni ukatili uleule kwa jina lingine.

Huduma yetu ya mbwa wazee inafanyika kwenu nyumbani, kwa sababu tunataka kuona anapolala, anapokula na ngazi anazopanda. Anakuja msaidizi wetu pamoja na daktari aliyesomea Kitivo cha Uganga wa Mifugo cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Tunapima uzito, joto, meno, masikio, macho na viungo, tunachukua damu na mkojo kama inahitajika, na tunawaachia karatasi yenye mpango wa miezi mitatu. Bei mnaambiwa kwenye simu kabla hatujatoka, na vipimo vya ziada havifanyiki mpaka mwenye mbwa akubali.

Mkitupigia, tuambieni komine (wilaya ya mji mnapoishi), umri wa mbwa hata wa kukisia, dawa yoyote aliyopewa wiki hiyo, na maji anayokunywa. Mkojo wa asubuhi ukiweza kuukinga kwenye kikombe kisafi, utatusaidia sana. Video fupi ya simu inayomwonyesha anavyoinuka alfajiri inatufaa kuliko maelezo marefu, maana tukifika saa nne ameshapata joto na anatembea kama mtu asiye na shida. Na yule mbwa kijana, kama mmeshamleta, mfungieni kabla hatujagonga lango.