Risala ya Klabu ya Sayansi kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Taaluma

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Karibu sana shuleni kwetu hapa Dodoma. Vumbi lililokupokea getini utuwie radhi, ingawa leo vumbi ndilo tulilokuja kulizungumza.

Mheshimiwa, tarehe 2 Januari 2004 chombo cha anga cha Marekani kiitwacho Stardust kilipita karibu na nyotamkia Wild 2 na kulinasa vumbi lake. Punje ziliingia kwa kasi ya kilomita 6.1 kwa sekunde. Kwa mwendo huo ungetoka hapa ukafika Dar es Salaam kabla ya dakika moja na nusu. Kokoto la manati likigonga ukuta husagika, lakini likigonga rundo la makapi ya uwele huzama, ukaliokota. Makapi ya Stardust yalikuwa erojeli: silika, kitu kilekile kilichomo kwenye mchanga na kioo, yenye vitundu vidogo mno hata karibu yote ni hewa. Mbele ilikuwa nyepesi zaidi, nyuma nzito kidogo, ili punje ipungue mwendo kidogo kidogo. Si zote zilifika nzima. Lakini erojeli huonyesha ndani, na kila punje iliacha njia, nyingi zenye umbo la karoti. Wataalamu wakazifuata baada ya mzigo kutua Utah, Januari 2006.

Nasi tulijaribu. Tulichukua silikati ya watengeneza sabuni, tukachanganya na maji na siki, ikaganda kuwa jeli. Tukaiosha, tukaianika juani. Ilinywea kama zabibu kavu, ikapasuka kama udongo wa mbuga wakati wa kiangazi. Tulilaumiana kuhusu vipimo, kumbe kosa ni kuanika: maji yakitoka huvuta kuta za vitundu zikaangukiana. Samuel Kistler wa Marekani alilitatua hilo mwaka 1931. Aliifungia jeli kwenye chombo, akapandisha joto na kanieneo, yaani presha, mpaka kimiminika na gesi visitofautiane, ndipo akaiachia gesi itoke. Siku hizi hutumika sana kaboni dayoksaidi, inayofika hali hiyo kwenye nyuzi 31 tu, ila kwa kanieneo ya mara 73 hivi ya hewa tunayovuta. Mwalimu wetu alipotuona tunalitazama sufuria la presha kwa jicho hilo, alilifungia stoo. Sasa tunamshukuru.

Jeli ya pili tuliiloweka kwenye spiriti siku kumi ili ichukue nafasi ya maji, tukaikausha kivulini. Ilinywea kidogo kuliko ya kwanza. Wepesi wake hatuwezi kuutaja: mizani yetu husoma gramu nzima tu, na kipande chetu hakikuitikisa.

Kwa hiyo tunaomba mizani inayosoma miligramu, na utuombee siku moja katika maabara za Chuo Kikuu cha Dodoma tukawaulize wataalamu maswali yetu. Kipande chenyewe kipo mezani mbele yako. Tafadhali kitazame bila kukishika, kinavunjika upesi.

Tunaomba kuwasilisha.

Wanachama wa Klabu ya Sayansi