Barua kwa somo yangu wa Tabora: usiifute hiyo kompyuta

Ujiji, Kigoma

Somo yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku kwetu. Hatujambo wote. Wiki hii mwezi ni mpevu, boti za Kibirizi zimelala ufukweni, na dagaa wamekuwa wa kutafuta kwa tochi.

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Gemu linakwaruza, fundi amekwambia kadi ya sauti imekufa, na Jumamosi unampelekea mashine aufute mfumo wote wa Linux unaoiendesha, aanze upya. Nakuomba sana usiende. Hiyo Linux tuliiweka kwa mikono yetu, usiku kucha pale Isevya, na picha za harusi yako zimo humo humo. Isitoshe, yaliyokupata ndiyo yaliyonipata mimi mwaka jana, na nilikaribia kutoa hela kununua kadi wakati ya kwangu ilikuwa nzima kabisa.

Umeniambia mwenyewe kwamba taarabu ya mama inatoka safi kwenye spika hizo hizo. Basi kadi ni nzima, somo. Kadi iliyokufa haichagui kati ya taarabu na gemu.

Sauti ndani ya Linux hupita mikono kadhaa. Chini kabisa kuna sehemu iitwayo ALSA, inayoongea na kadi yenyewe. Juu yake zamani ilikaa programu ya PulseAudio, siku hizi imekaa PipeWire. Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, ilihamia huko kuanzia toleo la 22.10, na Mint, aina nyingine, toleo la 22. Gemu humkabidhi PipeWire sauti kidogo kidogo, kama mtu anayepokezana matofali, naye huipeleka kwenye kadi. Wimbo hauna haraka, unakubali mafungu makubwa. Gemu linataka mlio utoke pale pale unapobonyeza, kwa hiyo huomba mafungu madogo. Fungu la sampuli 256, yaani vipande vidogo kabisa vya sauti, kwa kasi ya sampuli 48,000 kwa sekunde, ni kama milisekunde 5 tu. Sasa prosesa zetu hizi za zamani zinachora barabara, miti na magari kwa wakati mmoja. Zikichelewa kidogo tu, kadi inanyoosha mkono na kukuta hakuna kitu. Mkwaruzo unaousikia ni huo.

Mimi nilimkalisha mpwa wangu acheze SuperTuxKart, gemu la mbio za magari, nikafungua terminali, lile dirisha la kuandika amri, pembeni na kuandika pw-top, amri inayoonyesha PipeWire inavyofanya kazi. Kwenye mstari wa gemu, safu ya QUANT, yaani ukubwa wa fungu, ilisoma 256, na safu ya ERR, inayohesabu mara ambazo sauti ilichelewa, ilisoma 3. Gari likaingia kona, spika ikakwaruza, 3 ikawa 7. Kona ya pili, 12. Somo, nilifurahi siwezi kukueleza, maana ugonjwa ambao fundi aliupigia ramli nilikuwa nauhesabu kwa macho yangu.

Dawa yake ni mstari mmoja. Andika hivi kwenye terminali:

pw-metadata -n settings 0 clock.force-quantum 1024

Fungu linakuwa la milisekunde 21 hivi, prosesa inapata nafasi ya kupumua. Mpwa wangu aliendelea kucheza bila kuhisi mlio umechelewa, na ERR ikasimama pale pale. Ukitaka kurudi ulikotoka, weka 0 mahali pa 1024. Mpangilio huo hufutika ukizima mashine. Ukikufaa niambie, nitakutumia faili dogo la kuufanya wa kudumu. Halafu cheza ukiwa umechomeka chaja. Mashine nyingi zikibaki kwenye betri hupunguza kasi ya prosesa, na hapo mkwaruzo unarudi.

Lile jingine, la gemu kuwa bubu tangu ulipounganisha televisheni siku ya mpira, ni jepesi. Huenda sauti bado inaelekezwa kwenye waya wa HDMI. Sakinisha pavucontrol, programu ya kuchagua sauti itokee wapi, acha gemu likiwa linapiga kelele, kisha tazama kichupo cha kwanza: utaona jina la gemu na pembeni yake pa kuchagua spika. Gemu likiwa limefungwa hutaliona, hapo ndipo wengi hukata tamaa. Bado kimya? Andika alsamixer kwenye terminali, bonyeza F6, chagua kadi yako. Ukikuta MM chini ya Master au Speaker, imezibwa mdomo. Isogelee kwa mshale, bonyeza M, herufi zitageuka OO.

Nitumie picha ya ile safu ya ERR kabla ya Jumamosi, hata kama ni usiku wa manane. Mwezi ukishafifia boti zitaingia ziwani, nami nitakufungia dagaa nikutumie kwa treni. Mama mpe shikamoo yangu, na mwambie asali yake ya mwaka jana imebaki kijiko kimoja.

Ni mimi somo yako,
wa Ujiji