Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mtendaji wa UCC, Tume ya Mawasiliano ya Uganda: Njooni kabla mnara haujasimama

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Pokea salamu kutoka Busia. Mimi ni muuguzi katika kituo cha afya huku mpakani, na nakuandikia kuhusu watu wanaougua kwa kuuogopa mnara wa simu.

Mnara mpya ukisimama mtaani, hazipiti wiki nyingi kabla benchi letu halijajaa. Kichwa kinauma, usingizi umepotea, moyo unakwenda mbio, masikio yanavuma. Wanaumwa kweli. Nalisema hili mapema kwa sababu nimewasikia maofisa wakiwaita washamba mbele ya mkutano, na mtu akishaitwa mshamba hamsikilizi tena mtaalamu yeyote.

Mwaka 2006 watafiti wa King's College London walichapisha jaribio la watu 60 waliosema mawimbi ya simu huwadhuru, pamoja na wengine 60 wasio na shida hiyo. Mara waliwashiwa mawimbi halisi, mara kifaa hakikutoa chochote, na wao hawakuambiwa ni lini. Vichwa viliuma hata pasipo mawimbi, na baadhi yao walizidiwa sana. Mwaka 2013, watafiti Witthöft na Rubin waliwaketisha watu 147 mbele ya Wi-Fi ya uongo. Zaidi ya nusu walitaja dalili, na wenye wasiwasi mwingi waliotangulia kuonyeshwa filamu ya kutisha kuhusu Wi-Fi ndio walioumia zaidi. Mwili uliokwisha kuambiwa usubiri maumivu hukaa chonjo: shingo hukaza, usingizi hukatika, kila pigo la moyo husikika.

Huku kwetu filamu hiyo ni video za WhatsApp. Zinarudia kwamba shirika la utafiti wa saratani la WHO, Shirika la Afya Duniani, liliyaweka mawimbi haya katika kundi la "huenda yanasababisha saratani" mwaka 2011. Ni kweli. Hazisemi kwamba dondoo la jani zima la aloe vera nalo limo katika kundi hilohilo, wala kwamba uchambuzi ulioagizwa na WHO na kutolewa mwaka 2024 haukuona uhusiano kati ya simu na saratani ya ubongo.

Kinachoniuma zaidi ni wanaochelewa matibabu. Mama mmoja muuza samaki aliumwa kichwa miezi mingi. Alihamishia kitanda chumba cha nyuma, akaziba dirisha linalotazama mnara, wala hakuja kwetu, maana, kama alivyoniambia, "dawa ya mnara hamna." Nilipompima, presha ilikuwa 190 kwa 115, juu mno. Wengine huja na malaria iliyokwisha kukomaa, bado wanalaumu mnara.

Yapo pia malalamiko yasiyotokana na hofu. Jenereta ya dizeli ya mnara inayonguruma usiku kucha ukutani mwa mtu humnyima usingizi, na moshi wake huwakohoza watoto. Hayo yanapimika na yanarekebishika. Tafadhali msiyatie kapu moja na mionzi.

Ombi langu: kabla ya mnara unaofuata, mleteni fundi mwenye kipimo cha mawimbi. Mnara ukishawashwa, arudi apime uani kwa mtu, watu wakiona, kisha asome namba hiyo kwa sauti kando ya kiwango cha juu kinachoruhusiwa, kwa Kiswahili, Kisamia na Ateso. Aeleze kwamba simu iliyobanwa sikioni humfikishia mtu mawimbi mengi kuliko mnara wa kule barabarani, na kwamba mtandao ukiwa hafifu simu hutumia nguvu zaidi. Kibao cha uzioni, ambacho leo kina alama ya hatari na Kiingereza kitupu, kieleze hatari ni ya nani: fundi anayepanda juu karibu na antena. Na kiwekwe namba ya simu ya mtu atakayepokea malalamiko ya jenereta.

Mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, anaweza kuitisha mkutano huo. Nami nitakuja na mashine ya presha, niwapime watu papo hapo.

Wako katika kazi,
Muuguzi, Busia