Usiahirishe mwaka kwanza

Dar es Salaam
21 Juni 2020

Shoga yangu,

Za Eldoret na baridi yake? Huku wazima. Mama Mdogo anakusalimia, na Bonge deni bado hajalipa.

Ujumbe wako wa jana umeninyima usingizi. Uahirishe mwaka wa masomo ya udaktari? Hebu ngoja. Najua hayo masomo ya Zoom yanakera: mwalimu anawawekea sauti ya moyo, mtandao unakwama, hujui ni vali inavuja au bando linakata. Lakini wewe angalau unafundishwa. Sisi vyuo vilipofungwa Machi nilirudi Singida, na mpaka tulipofunguliwa tarehe 1 Juni sikuona hata somo moja. Wagonjwa wangu walikuwa majirani, wakitaka niwathibitishie kwamba kujifukiza kunatosha.

Nikawa namgonga mdogo wangu kifua kwa vidole, kuzoeza sikio mlio wake, mpaka akaanza kudai hela ya soda. Alipogoma nikahamia kwenye pipa la maji la bibi. Unagonga kuanzia juu, mlio unavuma, unavuma, mara unazimika: hapo ndipo maji yalipofikia. Bibi anafunua kuhakiki, halafu anaguna. Usicheke! Auenbrugger mwenyewe, daktari aliyebuni huku kugonga kifua, wanasema alianzia kwenye mapipa ya mvinyo ya baba yake.

Sasa sikia. Juzi wodini nimepewa mzee mmoja anayehema kwa shida. Nikagonga mgongo upande wa kulia, nikashuka taratibu, chini ya bega mlio ukafa kabisa. Daktari akauliza, maji ya kifuani yameishia wapi? Nikaweka kidole. Eksirei ikaletwa, ni pale pale. Nilitamani kumpigia bibi.

Sikwambii huku ni raha. Ratiba imebanwa hadi Jumamosi, raundi tunaingia kwa makundi madogo, wengine wanasubiri koridoni, na kuchukua historia ya mgonjwa asiyesikia vizuri ukiwa umevaa barakoa ni kupiga kelele wodi nzima ijue siri zake. Takwimu za corona zenyewe ziliishia wagonjwa 509, basi. Kila anayekohoa tunamwangalia mara mbili. Ninaogopa, sitakuficha.

Ila mikono inafundishika baadaye, ndiyo hoja yangu. Ukiahirisha, wenzako wakiitwa wodini wewe utakuwa huna hata pa kuingilia. Na nyumbani huwezi kuja, mpakani Namanga wanapita wenye malori tu. Utakaa kwenye hicho chumba ukifanya nini?

Mzee wako ameshajua, au mimi ndiye wa kwanza kuambiwa? Ada uliyolipa inahamia mwaka ujao au inaliwa? Umemwuliza msimamizi wako lini mtarudi wodini, au umesikia ya kwenye kundi la WhatsApp tu? Na unakula kweli, wewe? Huna jirani wa kumgonga kifua?

Usijaze hiyo fomu kabla hatujaongea. Jumatano usiku nitakuwa na bando.

Wako,
Dokta wa Pipa