Makhan Singh hakuwa mwenye duka

Mhariri,

Miaka yote hii nimenunua gazeti lako nikanyamaza, hata mlipokosea jina la marehemu kwenye tangazo la kifo. Ila taarifa yenu ya Mei Mosi imenishinda. Historia nzima ya vyama vya wafanyakazi, halafu Makhan Singh mnampa nusu mstari: "mfanyabiashara wa Kihindi aliyewaunga mkono Waafrika".

Mfanyabiashara wa nini? Alikuja Nairobi kutoka Punjab mwaka 1927, kijana wa miaka 13, mtoto wa seremala wa reli, na baba huyo alipofungua matbaa akafanya kazi humo. Mimi pia ni mpiga chapa. Nimepanga herufi za risasi moja moja, nikizisoma kichwa chini, na wino wake hautoki kwenye kucha hata usugue kwa mafuta ya taa. Mtu wa kazi hiyo ndiye aliyekichukua chama cha mafundi wa Kihindi mwaka 1935 akakifungulia watu wa rangi zote. Akaongoza mgomo wa siku 62 mwaka 1937. Mwaka 1949 akaunda shirikisho la vyama vya wafanyakazi pamoja na mwenzake wa harakati hizo, Fred Kubai, na Aprili 1950 akasimama ukumbi wa Kaloleni, hapa Nairobi, akadai uhuru kamili wa Afrika Mashariki. Wiki tatu baadaye akakamatwa. Alitoka kizuizini Oktoba 1961. Hesabu mwenyewe.

Mwaka jana nilikwenda ofisi ya chama (sikitaji) kuulizia michango yangu ya miaka 24. Ukutani picha za viongozi zimejaa. Nikamuuliza karani, kijana mwenye kofia ya bure ya Mei Mosi, Makhan Singh yuko wapi hapa? "Mzee, huyo ana duka mtaa gani?" Wenzake wakacheka. Faili langu halijaonekana hadi leo, ingawa makato hayakukosa hata mwezi mmoja! Na wakubwa wao, wanaopokezana viti na mashemeji, huja uwanjani kwa magari ya vioo vyeusi, wakainua ngumi, wakaondoka kabla ya jua kuwa kali.

Basi anayetaka kugombea uongozi wa chama apelekwe kwanza Lokitaung, kule Turkana kwenye ukame alikopelekwa yeye kizuizini, alale usiku mmoja kwa kila mwaka aliozuiliwa Makhan Singh. Usiku 11, na wa 12 aamshwe saa sita. Maji abebe mwenyewe, shemeji abaki Nairobi.

Nawe chapa sahihisho, si chini ya matangazo ya viwanja.

Mpiga chapa mstaafu,
Nairobi