Barua ya wazi kwa Waziri: Tuonyesheni hesabu ya dakika

Kwa Mheshimiwa Waziri anayesimamia utangazaji wa umma,
Nairobi.

KUH: USAWA WA KISIASA KATIKA TAARIFA ZA HABARI ZA SHIRIKA LA UTANGAZAJI LA KENYA (KBC)

Mheshimiwa Waziri,

Sisi tulioisikiliza Sauti ya Kenya, kama KBC ilivyoitwa zamani, tunakumbuka vyema taarifa ya habari ilivyofunguliwa: Mtukufu Rais kwanza, alikokwenda, waliomlaki na aliyoyasema, kisha ndipo mengine yakafuata. Mwaka 1989 shirika lilirudishiwa jina la KBC, lakini mazoea yakabaki.

Lililotuumiza zaidi ni la tarehe 30 Desemba 2007. Waandishi waliojaa KICC, ukumbi wa Nairobi yalikokuwa yakitangazwa matokeo ya uchaguzi, waliondolewa, kisha Samuel Kivuitu, mwenyekiti wa tume ya uchaguzi, akaonekana katika chumba kidogo akimtangaza mshindi wa urais mbele ya kamera za KBC peke yake, na jioni hiyo hiyo mshindi huyo, Mwai Kibaki, akaapishwa Ikulu. Simlaumu mpigapicha aliyetumwa kazi. Hata hivyo, tangu siku ile wako Wakenya ambao, habari kubwa ikiwa KBC pekee, hujiuliza kwanza ni nani amewafungia wengine mlango.

Kifungu cha 34 cha Katiba ya 2010 kinavitaka vyombo vya habari vya Serikali viamue maudhui yake kwa uhuru, visiegemee upande wowote, na vitoe nafasi ya haki kwa maoni yanayotofautiana. Sheria ya KBC nayo inadai usawa katika kugawa saa za matangazo baina ya mitazamo ya kisiasa, ingawa sheria hiyo hiyo inampa Rais uwezo wa kumteua mwenyekiti wa bodi, na waziri wajumbe kadhaa. Ndiyo maana shirika likijitetea kwamba halipendelei, wengi wetu hatushawishiki.

Ombi langu ni moja: hesabu ya dakika ambazo kila upande wa kisiasa hupewa katika taarifa ya habari itangazwe kila wiki. Nchini Ufaransa, Arcom, mamlaka inayosimamia utangazaji, huchapisha muda ambao wanasiasa wamezungumza hewani. Thuluthi moja hutengewa Rais na serikali yake, na inayobaki hugawiwa vyama kwa kadiri ya uzito wao. Hesabu yetu itenganishe kusema na kusemewa, maana mpinzani anaweza kuonyeshwa midomo ikicheza bila sauti huku msomaji wa habari akimfupishia hoja, kisha waziri akamjibu kwa sauti yake mwenyewe dakika nzima. Ukihesabu picha tu, wamelingana.

Kazi hii haidai mitambo mipya. Inadai rekodi ya taarifa ya saa moja usiku, karani makini mwenye saa, na ukurasa mmoja kwenye tovuti ya shirika, ambao hakuna afisa wa wizara atakayeuhariri kabla haujatoka. Ningeomba hesabu ya kwanza itoke mapema, ili kampeni za uchaguzi wa Agosti 2027 zitakapoanza tuwe na cha kulinganishia.

Wako,
Mlipa kodi na msikilizaji,
Mombasa.