Barua kutoka Guangzhou: mlango, kitanda na moto kwanza

Guangzhou, mwisho wa Agosti

Wapendwa Bahati na shemeji Furaha,

Salamu nyingi, na mumsalimie Mama kabla hamjaendelea kusoma. Mmeuliza kuhusu feng shui, ile elimu ya Wachina ya kupanga nyumba na vilivyomo, kwa sababu mnahamia Keshero, hapo Goma, na shemeji anafungua atelie ya kushona. Naona tayari mnaulizia bei ya vioo vya pembe nane na sarafu za uzi mwekundu. Pesa hiyo iwekeni kwanza. Mtaalamu makini wa huku huanza na mahali penyewe: upepo unapita wapi, maji yako wapi, mlango unatazama nini. Vitu vya kutundika huja mwisho, na mara nyingi havihitajiki.

Kanuni ya kale inataka mlima mgongoni na maji mbele, na Goma inao mlima wa volkano Nyiragongo kaskazini na ziwa Kivu kusini, sawasawa na michoro ya Wachina. Lakini msiinakili hivihivi. Kwa Wachina mlima huo hukinga upepo baridi wa kaskazini, na kusini ndiko linakotoka jua la majira ya baridi. Sisi tuko karibu na ikweta, jua linapita utosini, na huo mlima wa mgongoni ndio ulioshusha lava hadi katikati ya mji Januari 2002. Kwetu kinachofaa kufuatwa ni upepo wa ziwa, ule unaopanda mchana. Fungueni dirisha la upande wa ziwa na lingine la upande wa pili, hewa ivuke chumba.

Kuna jambo moja ambalo vitabu vya Kichina havitawaambia, nalo ni mazuku, gesi ya sumu inayotoka ardhini. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, haina harufu wala rangi, na usiku usio na upepo hujikusanya kwenye vishimo, hasa upande wa kuelekea Sake. Mkiona parsele (kiwanja) iko chini kuliko majirani, na asubuhi mnakuta humo ndege au panya waliokufa bila jeraha, msilipe hata malipo ya awali. Waulizeni watu wa OVG, kituo cha kuchunguza volkano cha Goma, na wazee wa mtaa. Hakuna kioo wala kengele inayoondoa gesi.

Sasa dira, maana hapo wengi wa Goma watakosea. Katika feng shui duara la digrii 360 hugawanywa sehemu 24 za digrii 15 kila moja, kwa hiyo kosa la digrii 10 tu linaweza kuwahamisha sehemu. Na mawe yetu meusi ya volkano yana madini yanayovuta sindano, bila kusahau mlango wa chuma na mabati. Wekeni simu, saa na funguo mbali. Simameni mlangoni mkitazama nje, dira iwe usawa wa kifua, imelala sawa. Msiiweke chini wala juu ya ukuta wa mawe. Someni, kisha songeni mbele mita 1, halafu mita 3, mkibaki kwenye mstari uleule. Namba zikitofautiana sana, kuna kitu kinavuta. Endeleeni mbele hadi zitulie. Dira ya simu nayo hudanganywa vilevile. Mkitaka hakika, ngojeni tarehe 22 au 23 Septemba: jua huchomoza mashariki kamili, na kivuli cha asubuhi cha fimbo iliyosimama wima kitaelekea magharibi.

Ipo pia njia isiyotumia dira, inayohesabu pande kutoka mlango mkuu. Chagueni moja. Wanaochanganya zote mbili hujikuta kona moja ina maana mbili, wanahamisha samani kila mwezi.

Chumbani, kichwa cha kitanda kiegemee ukuta mzima. Ukiwa umelala uuone mlango, lakini miguu isielekezwe kwake moja kwa moja. Chumba kikiwa kidogo na hakuna namna, wekeni kabati fupi au pazia miguuni. Acheni kama sentimita 50 kila upande. Katika nyumba za mbao boriti huonekana wazi. Isipite juu ya kifua cha mlalaji. Sogezeni kitanda au pigilieni tripleksi (plaiwudi) kuifunika. Kioo kisitazame kitanda.

Jikoni, moto na maji visikae bega kwa bega. Vitabu husema muweke mti katikati, kwa kuwa maji hulisha mti na mti hulisha moto. Msiweke mbao karibu na mbabula, jiko letu la makala (makaa), hata kidogo, mnajua jinsi nyumba zetu zinavyoshika moto! Rangi ya kijani ukutani inatosha, na bidoni za maji zikae walau hatua moja kutoka kwenye makala. Mpishi asiupe mlango mgongo. Na mbabula yenye makala mekundu isiingie chumba cha kulala, hata usiku wa baridi. Moshi wake usioonekana unaua.

Kwenye atelie, shemeji, weka cherehani kona iliyo mbali na mlango, kwa mshazari, ukuta mgongoni. Mwanga utoke kushoto ikiwa unatumia mkono wa kulia, kivuli cha mkono kisifunike mshono. Ikibidi ukae ukiupa mlango mgongo, tundika kioo kidogo kinachokuonyesha anayeingia. Kioo cha wateja kiwe ukuta wa pembeni, kisikabili mlango. Droo ya pesa isionekane kutoka barabarani. Mlango ufunguke wote: marobota ya vitambaa nyuma yake ndiyo kosa la kwanza utakalofanyiwa na wanaokuletea mzigo. Vumbi jeusi lifutwe kila asubuhi kabla ya kufungua.

Nitumieni mchoro wa nyumba wenye vipimo kwa mita, milango na madirisha yote, na zile namba za dira mlizosoma sehemu zote tatu. Bahati, usipake rangi mpaka nikujibu.

Kaka yenu